Wananchi wa Mfano

Haikuwa zamani, na wala hakuna aliyesahau. Ilikuwa juzijuzi tu, katika nchi ambayo haipakani na yetu wala haifanani na yetu, na atakayesema anaijua atajieleza mwenyewe mbele ya wahusika. Nchi hiyo iliitwa Jamhuri ya Pongezi. Wenyeji wake, Wapongezi, walikuwa watu wa kawaida: waliugua, walichelewa, walisukumana, wakasameheana. Serikali yao ndiyo haikuwa ya kawaida. Ilikuwa na Mpongezwa Mkuu, ambaye hakuwahi kukosea tangu azaliwe, na ilikuwa na Wizara ya Ufanisi na Shangwe, ambayo kazi yake ilikuwa kutangaza mafanikio asubuhi ili mchana watu waanze kuyatafuta.

Katika wizara hiyo alikuwepo Mhandisi Telesfori Mbungo. Alikuwa amesoma nje akarudi na ujuzi ambao hakuna mwingine nchini aliyekuwa nao: alijua kupima mfumo wa kompyuta kabla haujawashwa. Hakukuwa na uchawi wowote. Alitengeneza ndani ya kompyuta nchi ya bandia, yenye hospitali za bandia na makarani wa bandia, kisha akawaachia watu wa bandia waje kutaka huduma, kwa zamu au kwa vurugu. Mtu wa bandia akifika dirishani, saa ya bandia ilisogezwa mbele kidogo, naye akafutwa, akahesabiwa kuwa amehudumiwa. Hapakuwa na sindano wala kitanda. Telesfori aliangalia tu foleni inavyorefuka na mfumo unapoanza kuelemewa, ili wa bandia waumie kwanza na wa kweli wapone. Ni kazi nzuri ikifanywa na mtu anayesema alichokiona.

Telesfori alikuwa na mama, Bi Skolastika, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye figo zake zilikuwa zimegoma. Kila Jumatatu na Alhamisi alikwenda Hospitali Kuu kukaa kwenye mashine ya kusafisha damu. Mkuu wa wodi ile, Sista Pelagia, aliwajua wagonjwa wake kwa sura na kwa uvimbe wa miguu, na ndiye aliyeamua nani akae kwanza. Mkikosa siku moja mtavumilia, alikuwa akiwaambia. Mkikosa mbili mfululizo msinitafute mimi, mtafuteni padri. Ndivyo alivyozoea kusema, na wagonjwa walimpenda hivyo hivyo.

Basi wizara ikaamua kwamba kujuana kwa sura ni ushamba. Ikaleta Mfumo wa Huduma Papo kwa Papo, ambao kwa mapenzi ya taifa uliitwa Papo tu, kama mtoto. Kuanzia siku ya uzinduzi, hakuna mashine ya tiba ambayo ingewaka mahali popote nchini mpaka Papo aseme iwake, na aseme imwakie nani. Telesfori akaagizwa ampime.

Alimpima kwa uaminifu, na hiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kufanya hivyo. Aliwaiga Wapongezi jinsi walivyo. Watu wa bandia wakarauka alfajiri, wakajazana hospitali zote kwa wakati mmoja, maana ndivyo watu wafanyavyo wanapoumwa. Makarani wa bandia walipoona skrini imeganda walibonyeza tena na tena, na kila mbonyezo ukawa ombi jipya. Umeme ukakatika kidogo, ukarudi, wote wakaanza upya. Kabla ya saa tatu asubuhi Papo alikuwa amelala chali, na hakuamka mpaka alasiri. Telesfori akaandika ripoti: seva, zile kompyuta kubwa zinazombeba Papo, ziongezwe maradufu, hospitali zipokee watu kwa zamu, na uzinduzi uahirishwe.

Kwa bahati mbaya, kwenye ukurasa wa kwanza aliandika kwamba jaribio lilifanywa kwa kutumia wananchi wa mfano. Alimaanisha watu wa kutengenezwa, wa kuigiza. Lakini Waziri, Mheshimiwa Daktari Balozi Mstaafu Kaspari Ndululu, alikuwa mtu wa kusoma ukurasa wa kwanza tu, na kwake yeye mwananchi wa mfano ni yule anayepewa cheti na kitenge siku ya taifa.

"Mhandisi," alisema Waziri katikati ya kikao, akiishika ripoti kwa vidole viwili, "hawa wananchi unasema ni wa mfano."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Wa mfano."

"Mfano kwa nani? Hapa naona wanarauka gizani kama wezi, wanasukumana, wanabonyeza vitufe ovyo. Huo ndio mfano tunaowapa watoto wetu?"

"Mheshimiwa, neno mfano hapa lina maana ya..."

"Nalijua neno mfano. Mimi nina cheti chake nyumbani, kimetundikwa sebuleni. Sijawahi kubonyeza kitu mara mbili."

Wajumbe wakacheka, si sana, kiasi cha kuonyesha kwamba wapo. Telesfori alibakiwa na sentensi moja ya kusema, tena fupi: si wema hawa, Mheshimiwa, ni wa kuigiza tu. Akafungua mdomo. Akamwona naibu mkurugenzi ameshika kalamu tayari, anamtazama kwa hamu ya mtu anayesubiri kiti kiwe wazi. Akaufunga.

"Nitawarekebisha tabia, Mheshimiwa," akasema.

Ikaundwa Kamati ya Maadili ya Wananchi wa Mfano. Ilikuwa na mkuu wa mgambo aliyestaafu, kiongozi wa kwaya ya taifa, na shemeji yake Waziri, ambaye alikuwemo kwa sababu ni shemeji. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona seva. Walikaa wiki nzima katika ukumbi wenye sambusa, Telesfori mbele yao na kompyuta yake, wakimwelekeza namna ya kulea umma.

Mkuu wa mgambo alitaka wananchi wa mfano wasije kwa mkupuo. Waje mmoja mmoja, baada ya kunywa chai, na mmoja asiondoke nyumbani mpaka mwenzake amalize. Telesfori akabadilisha. Kiongozi wa kwaya alitaka karani abonyeze mara moja tu, akitabasamu. Kompyuta haina sehemu ya tabasamu, lakini Telesfori akaiweka. Shemeji akauliza kwa nini umeme unakatika. Akaambiwa kwamba umeme hukatika.

"Umeme haukatiki," alisema Shemeji bila hasira. "Umeme hupumzishwa. Na ndani ya kompyuta hakuna sababu ya kuupumzisha, au ipo?"

"Haipo," alisema Telesfori, akauondoa.

Taabu kubwa ilikuwa foleni. Mpongezwa Mkuu alikuwa amekwisha kutangaza kwenye hotuba kwamba foleni zimefutwa nchini, na sasa hapa kuna hesabu nzima ya kutafuta urefu wa kitu kisichokuwepo. Kamati ikajadili tangu asubuhi hadi sambusa zikaisha. Mwishowe foleni ikaitwa mstari wa matumaini. Kisha mkuu wa mgambo akahoji kwamba matumaini yakiwa marefu mno yanageuka kukata tamaa, kwa hiyo mstari usizidi mtu mmoja. Telesfori, aliyesomea foleni miaka yake yote ya ujana, aliandika moja mahali pale.

Papo akapimwa upya. Hakika alikuwa anapendeza. Mwananchi alifika, alihudumiwa kabla hajakaa, aliondoka ameridhika, na nyuma yake akaja mwingine mwenye adabu kama yeye. Seva zilikaa bila kazi kutwa nzima. Kamati ikapiga makofi, na Shemeji akauliza swali ambalo watu wenye akili walilitegemea.

"Kama hazina kazi, zinakaa pale kufanya nini?"

Nusu ya seva zikang'olewa, zikapelekwa kuhifadhi hotuba za Mpongezwa Mkuu katika picha ang'avu zaidi. Telesfori alijua maana yake. Papo mzima asingefika saa tatu, na huyu aliyekatwa nusu asingefika saa mbili na nusu. Lakini siku hiyo hiyo alikuwa ameteuliwa kuwa Mkurugenzi wa Uigaji wa Taifa, akapewa gari lenye kiyoyozi, na ni vigumu mtu kuzungumzia joto akiwa ndani ya kiyoyozi. Hao ndio wasomi wetu. Samahani, wasomi wao.

Jumapili alikwenda kumwona mama yake. Bi Skolastika alikuwa barazani, miguu juu ya stuli, anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Naambiwa mashine yako inamfukuza Sista Pelagia."

"Haimfukuzi. Inamsaidia. Itakujua wewe kuliko yeye anavyokujua."

"Umeipima?"

"Nimeipima, mama."

"Imepata ngapi?"

"Mia kwa mia."

Bi Skolastika aliendelea kuchambua mchele. "Mtoto wa darasa langu akipata mia," alisema, "mimi nilikuwa namtazama kwanza aliyekaa karibu naye."

Telesfori akacheka, akabadilisha mazungumzo, akaomba chai.

Ilipobaki wiki moja, Waziri alimwita ofisini. Alikuwa na furaha iliyopitiliza.

"Mhandisi, nimefikiria. Wale wananchi wa mfano usiwatoe. Waache humo humo ndani ya Papo, waendelee na maisha."

"Mheshimiwa, wale ni wa kupimia. Siku mfumo unapowashwa wanaondolewa."

"Waende wapi? Wametutumikia. Tena watu wa kawaida wakiingia peke yao watatuharibia wastani. Wachanganye. Na kwa kuwa wenye adabu ndio wanaostahili, Papo aanze na wao. Wengine watafuata nafasi ikipatikana."

Telesfori akaona baridi inampanda mgongoni, na safari hii haikuwa ya kiyoyozi. Wananchi wa mfano walikuwa hawana mwisho. Wakishafutwa leo, walizaliwa tena kesho asubuhi, maelfu kwa maelfu, wote wamekunywa chai. Nafasi isingepatikana. Mtu wa kweli, mwenye figo za kweli, angesimama nyuma ya kundi lisiloonekana mpaka aanguke. Na mmoja wa watu hao wa kweli alikuwa amekaa barazani na miguu juu ya stuli.

Mtu mwenye moyo angesema hapo. Telesfori alikuwa na moyo, ila ulikuwa umeteuliwa. Alirudi ofisini kwake, akafunga mlango, akatafuta njia. Akaipata, akafurahi sana. Kama wananchi wa mfano ndio wanaoanza, basi dawa ni kuwa mwananchi wa mfano. Akafungua orodha yao, akaandika katikati ya majina ya bandia: Skolastika Mbungo, figo, Hospitali Kuu, Jumatatu na Alhamisi, saa mbili asubuhi. Sehemu ya simu ya ndugu akaweka namba yake mwenyewe. Alijisifu hata. Wagonjwa wengine wote wa Sista Pelagia walikuwa mama wa watu fulani pia, lakini hawakuwa mama yake, na hilo lilimtosha kulala usingizi.

Alhamisi, siku nne kabla ya uzinduzi, mashine za figo hazikuwashwa. Ukuta wa wodi ulikuwa unapakwa rangi kwa ajili ya Waziri, na vumbi la miguu ya wagonjwa, walisema, lingechafua rangi. Wagonjwa wakarudishwa. Bi Skolastika alimpigia simu mwanawe, sauti imekauka.

"Teles, leo wameturudisha."

"Vumilia, mama. Jumatatu wewe ndiye wa kwanza. Nimekuweka mbele ya wote."

"Wa kwanza kwa nini? Si yupo Mzee Fundikira, hali yake mbaya kuliko yangu?"

"Mama, niachie mimi," alisema Telesfori.

Jumatatu ikafika. Hospitali Kuu ilipambwa kwa vitambaa, kukawa na bendi ya tarumbeta, na Waziri akakata utepe mbele ya kamera. Wagonjwa wa figo walipangwa jua kali lilipo, kwa sababu kivulini palikuwa na viti vya wageni. Hawakuitwa foleni. Bi Skolastika aliletwa akishikwa kwapani na jirani, uso umevimba, anavuta pumzi kama aliyepanda mlima. Sista Pelagia alimtazama mara moja tu, akasema, "Huyu sasa hivi," akamsogeza dirishani. Telesfori, aliyevaa suti na kusimama hatua chache nyuma ya Waziri, aliona saa inaelekea kutimia mbili na robo, akashusha pumzi.

Karani wa dirisha, binti aitwaye Mwanahawa, aliandika jina, akasubiri, akatabasamu kama alivyofundishwa.

"Bibi, umeshahudumiwa," akasema.

"Nimeshafanywa nini, mwanangu?"

"Umehudumiwa. Hapa inaonekana, saa mbili kamili asubuhi. Na umeridhika."

"Nimefika sasa hivi."

"Ndiyo, bibi. Lakini umeridhika. Na mtu hahudumiwi mara mbili kwa siku, Papo anakataa."

Ndipo Telesfori akaelewa alichokifanya. Alikuwa amemwingiza mama yake katika nchi ambayo huduma ni saa kusogezwa. Saa mbili kamili Papo aliisogeza saa, akamfuta, akamwita mwingine.

Sista Pelagia alikuwa ameanza kupaza sauti kwamba mgonjwa huyu hajagusa mashine, na mashine ziko pale, tupu, zinahitaji kuwashwa tu. Kamera zikageuka. Waziri akasogea dirishani, akasomewa kilichoandikwa. Halafu uso wake ukang'aa.

"Ndugu wanahabari," alisema, "mmejionea wenyewe. Wenzetu wa nchi kubwa bado wanahangaika kuwahudumia watu wakishafika. Pongezi tunawahudumia kabla hawajafika."

Makofi yakapigwa. Tarumbeta zikalia kidogo, zikanyamaza, kwa sababu Sista Pelagia alikuwa hajanyamaza. Waziri akageuka.

"Hebu tumalize ubishi. Mkurugenzi wa Uigaji yupo hapa, ndiye mtaalamu. Mhandisi, waambie wananchi. Papo amekosea?"

Telesfori alimtazama mama yake, naye alikuwa anamtazama, mkono mmoja juu ya ukingo wa dirisha. Ilitosha kusema ndiyo. Mbele ya kamera angesema kwamba wale wote walioridhika tangu asubuhi hawapo, hawajawahi kuwepo, na kwamba jina la mama yake kaliandika yeye. Gari lingeondoka, cheo kingeondoka, pengine angelala rumande. Mashine ya tiba ingewaka.

"Papo hakosei, Mheshimiwa," alisema Telesfori.

Bi Skolastika alimwangalia mwanawe kwa muda, bila kukunja uso, kama alivyokuwa akimwangalia mtoto darasani anayesoma kitabu alichokishika juu chini.

"Basi nisimulie ilivyokuwa, baba," alisema. "Maana mimi sikuwepo."

Watu wachache wakacheka, wakidhani ni utani wa wazee. Mwanahawa akamwomba Bi Skolastika asogee, kwa sababu nafasi ile ni ya ambao hawajahudumiwa. Nyuma yake Mzee Fundikira alifika dirishani, na hapo skrini ikaganda, Mwanahawa akabonyeza, akabonyeza tena, na Papo akalala chali mbele ya Waziri, aliyekuwa amekwisha kuelekea kwenye vinywaji.

Nisimwonee Telesfori: alihangaika baadaye. Uzinduzi ulipokwisha alikimbilia kwenye kompyuta yake kulitoa jina, akakuta Kamati ya Maadili imeshayafunga majina yote kwa ufunguo, maana mtu akisharidhika hakuna kumrudisha nyuma. Alimfuata Shemeji, akamweleza kwa kunong'ona. Shemeji alimsikiliza kwa upole wote, akasema suala litajadiliwa kikao kijacho, baada ya wiki ya sherehe, ila aandike barua, na barua isitaje mashine, wala Papo, wala mama. Sista Pelagia alijaribu kuiwasha mashine kwa mkono na akasimamishwa kazi kabla ya jua kuzama. Papo aliamka alasiri, lakini kwake yeye zamu iliyofuata ya Bi Skolastika ilikuwa Alhamisi, basi mama akarudishwa nyumbani. Jumatano alikata roho kitandani kwake, padri akiwepo.

Alhamisi walimsalia. Kanisa lilijaa wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye mvi, wanalia waziwazi. Waziri alikuja, kwa kuwa ni msiba wa mkurugenzi wake, akakaa benchi la mbele bega kwa bega na mfiwa. Saa mbili kamili, padri akiwa ndiyo kwanza anafungua kitabu, simu ya Telesfori ikatetemeka mfukoni. Akaitoa kwa haraka ili isisikike.

Ndugu mpendwa, ilisema, mgonjwa wako Skolastika Mbungo amehudumiwa leo Hospitali Kuu. Tafadhali tathmini huduma yetu. Kama umeridhika bonyeza moja. Kama umeridhika sana bonyeza mbili.

Aliisoma mara mbili, jeneza likiwa mbele yake. Kisha akahisi Waziri ameinamisha kichwa kidogo na anasoma pamoja naye.

Telesfori akabonyeza mbili.